Pua ya Fimbo

Mama mkwe wa Daktari alikuwa na ulimi wa pilipili, na hilo hakulificha tangu siku ya kwanza. Mwanawe alipomletea mchumba, akamwambia kwamba binti huyu anasomea udaktari wa wanyama, mama aliangua kicheko, kisha akakikata katikati.

"Nimekulea kwa jasho langu," akasema, "leo uniletee mwanamke anayeinua mikia ya mbwa? Mkono huo ndio utakaonipakulia chakula?"

Binti alikuwa ameketi palepale, magoti pamoja, kikombe cha chai mkononi. Alicheka naye, kwa adabu, huku masikio yakimwaka moto. Ndoa ilifungwa, watoto wakazaliwa, mama mkwe akazoea, na utani ule ukaja kuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Wote waliucheka isipokuwa mwenyewe aliyetaniwa. Mtu anaweza kupata shahada na kuheshimika mji mzima, na bado neno moja la mkwe likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku ile Daktari hakuwahi kumgusa mnyama mbele ya mama yule bila kwanza kufikiri mkono wake unapita wapi.

Baadaye mama mkwe akapatwa na presha ya macho. Alizungushwa hospitali hii na ile, kila daktari akimwambia tusubiri tuone, na waliokuwa wakiona ni wao tu, maana yeye giza lilizidi kumfunga mwaka hadi mwaka. Mwisho likafunga kabisa. Ndipo mwanawe, ambaye ni fundi wa friji na hana maneno mengi, akamletea mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama alipiga kelele atolewe. Hazikupita wiki nyingi, akawa hataki hata kusikia mbwa amefungwa nje. Akamwita Fimbo.

Hakuna aliyemfundisha Fimbo kazi, alijifunza kwa kumpenda mtu. Kamba yake fupi ilifungwa kwenye kifundo cha mkono wa mama, na hivyo walikwenda dukani na kurudi, wakavuka kwenda barazani kwa Fundi Cherehani, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenye mbwa wake dume, mkubwa, mweusi. Kwenye mtaro Fimbo alisimama. Pikipiki ikija, alisimama. Mama alijigamba kwa kila aliyemsalimu: "Mimi nina macho manne. Mawili ni pambo." Alikuwa ameacha kutoka nje kwa muda mrefu, na sasa hakai ndani. Kwa hiyo Fimbo alipoanza kupiga chafya za damu, nyumba nzima iliingiwa na hofu.

Daktari alirudi nyumbani alasiri na mkoba wake. Mumewe alikuwa kazini, watoto shuleni. Sebuleni alikuwamo mama mkwe peke yake, kwenye kochi, na Fimbo amepanda pembeni yake, kichwa pajani kwa mama, sehemu ya nyuma imejibana kwenye kona ya kochi chini ya shuka ambalo mama hujifunikia miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo umwone mwenzangu. Damu inatoka puani, na usiku anakoroma kuliko marehemu baba yenu."

Daktari alipiga magoti sakafuni akaanza kazi. Alimfunua midomo akagonga meno ya juu moja moja, maana jino lililooza mzizi nalo huweza kutoa damu puani. Meno yalikuwa mazima. Alipitisha kidole juu ya pua, toka kati ya macho kushuka chini, na upande wa kushoto kidole kikapanda kilima kidogo ambacho hakikupaswa kuwapo. Akatoa kipande cha kioo, kile chembamba cha maabara, akakiweka mbele ya tundu la kulia. Kikaingia ukungu. Akakifuta, akakiweka mbele ya tundu la kushoto, akangoja. Kikabaki kikavu. Tezi chini ya taya zilikuwa zimevimba. Alisikiliza mapafu, akaminya tumbo taratibu, akafika kwenye nyonga.

Kazini kwake ipo sheria ambayo yeye mwenyewe huwaimbia wanafunzi hadi wanachoka: mnyama hupimwa kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na mkia wenyewe unainuliwa. Mkono wake ulifika pale mkia unapoanzia, chini ya shuka la mama mkwe, karibu na paja la mama mkwe, na hapo ukasita. Kipimajoto cha kuingizwa nyuma kilikuwa mkobani. Hakukitoa. Alimshika Fimbo sikio akasema, "Homa hana," na mkono akaurudisha mbele.

"Sasa unamfanya nini?" mama aliuliza, aliposikia Fimbo analalama.

"Naingiza pamba puani, mama. Nachukua makamasi na damu kidogo nivipake kwenye vioo. Vikitiwa rangi, tunaona chembe za ugonjwa wenyewe."

"Na hizo chembe zinasema?"

"Zinasema, mama. Ukijua lugha yake."

"Haya. Zikisema uje uniambie. Usinizungushe kama wale wa macho."

Maabara ya pale kazini ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na mwenye chumba ni mtu mfupi, mcheshi, aliyezeekea hapo hapo, anayeitwa Mzee Hadubini kwa jinsi asivyobanduka kwenye hadubini yake. Rangi ya kupaka vioo ikishachanganywa haikai, huchacha, kwa hiyo Mzee Hadubini huichanganya mara moja kwa wiki, Ijumaa. Vioo vinavyokuja katikati ya wiki hupangwa kwenye sinia na kufunikwa kwa kawa la wavu, kwa sababu nzi wakivipata hulamba kila kilichopakwa. Daktari aliweka vioo vya Fimbo chini ya kawa pamoja na vingine, akavitia alama. Angemwomba mzee achanganye rangi siku ile, mzee angenung'unika kidogo kisha angechanganya. Hakumwomba.

Hakumwomba kwa sababu moyoni jibu alikuwa nalo tayari. Aliwahi kuwaona wengi: mbwa wa makamo, damu tundu moja, mfupa umepanda, tezi zimevimba. Hiyo ni saratani ya pua. Hutafuna mfupa, hulisukuma jicho, huelekea kwenye ubongo, na mashine ya kuichoma kwa mionzi hakuna anayejua iko wapi kwa ajili ya mbwa. Watu walikuwa wamemzoesha vibaya pia. Mji mzima ulisema, yule mama akimtupia mnyama jicho tu, ameshajua. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Alhamisi asubuhi, Daktari akiwa hajatoka zamu ya usiku, mumewe akapiga simu.

"Mama hajalala. Mbwa anahemea mdomo, kila akijaribu kulala anakabwa, anaruka. Shuka limelowa damu. Mke wangu, fanya kitu."

Daktari alifungua kabati la dawa akatoa chupa ya usingizi, kisha ile nyingine, ya kumlaza mnyama asiamke tena. Akiwa njiani kutoka alipita mlango wa maabara. Vioo vilikuwa pale chini ya kawa.

"Kesho ndiyo siku yangu ya rangi," Mzee Hadubini alimwambia, bila kuulizwa. "Naona umeniletea pua ya mtu."

"Ya mbwa wa mkwe wangu."

"Basi nitaiheshimu."

Alimkuta mama mkwe amekaa sakafuni, jambo ambalo hakupata kuliona. Fimbo alikuwa amelalia tumbo mbele yake, shingo ameinyoosha, akivuta pumzi kwa sauti ya mtu anayekunywa chai ya moto. Mumewe alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Vioo vimesemaje?" mama aliuliza kabla hata ya salamu.

"Bado havijatiwa rangi, mama. Kesho."

"Basi tungoje kesho."

Hapa ndipo Daktari alipopaswa kunyamaza. Kulikuwa na dawa ya kupunguza uvimbe mkobani, ingemsaidia Fimbo kuvuta pumzi hadi kesho yake, hata na keshokutwa. Lakini alimtazama mbwa anavyoteseka, akamtazama mama asiye na usingizi, akaona kuwangojesha ni ukatili. Aliona huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Mama," akasema, "nisikudanganye. Ugonjwa huu naujua. Ni saratani ya pua, na inakula mfupa. Hata vioo vikisema, vitasema hilohilo. Tukingoja, tunamwongezea mateso tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Mama mkwe alinyoosha mkono ukapapasa hewani, na Daktari akaupokea. Katika miaka yote ya ndoa yake mama huyu hakuwahi kumshika mkono. Sasa aliushika, akaubinya, akaupitisha shavuni mwake.

"Wale wa macho walinificha hadi mwisho," akasema. "Wewe umeniambia. Ahsante, mwanangu. Mfanyie, ila asiumie."

Hakuumia. Sindano ya kwanza ilipoingia, Fimbo alitikisa mkia kidogo kwa kuwa aliyemshika alikuwa mtu wa nyumbani. Akalegea, ile sauti ya kunywa chai ikapungua. Ya pili ikaingia mshipani. Mama mkwe aliweka kiganja ubavuni kwa mbwa wake na hakukitoa hadi ubavu ulipoacha kupanda. Halafu akalia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu, na mwanawe akatoka nje kuchimba shimo la kumzika.

Kumfunga sanda ilikuwa kazi ya Daktari. Alimbeba Fimbo hadi ua wa nyuma, kwenye sakafu ya kufulia nguo, akatandika shuka lile lile lililolowa damu. Akakunja miguu ya mbele. Alipoishika miguu ya nyuma aikunje, mkia ulianguka upande.

Chini ya mkia, ikichungulia kutoka kwenye uke, ilikuwapo nyama nyekundu yenye vinundu vinundu, kubwa kama ngumi ya mtoto, inayovuja damu mbichi.

Daktari aliinama akatazama kwa karibu. Kitu kile alikijua kuliko anavyojua kiganja chake. Ni uvimbe wa ajabu, saratani inayohama. Mbwa huambukizana wanapopandana, chembe zenyewe zikidondoka kwa mmoja na kuota kwa mwingine, na mbwa anayejilamba na kujinusa huzipanda mwenyewe puani. Huko puani hujifanya saratani ile nyingine, ile mbaya, kwa damu yake na kwa mfupa unaopanda. Lakini si mbaya. Kati ya saratani zote anazopata mbwa, hii ndiyo inayopona. Dawa moja ya mshipani, mara moja kwa wiki, na baada ya wiki chache uvimbe unanywea hadi unakwisha. Dawa ilikuwapo kazini. Ilikuwa kwenye friji ambayo mumewe ndiye aliyeitengeneza.

Angeinua mkia siku ile tu, angejua. Jambo dogo namna hiyo, jambo la kila siku, analolifanya kwa kila mbwa asiye na mwenyewe anayeletwa mlangoni. Kwa mbwa wa mama mkwe aliona haya.

"Umemaliza?" mumewe aliita kutoka kwenye shimo.

"Bado."

Alifunika ule mkia, akafunga mafundo, akamaliza.

Ijumaa alifika kazini mapema akajificha kwenye chumba cha upasuaji akipanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Mzee Hadubini akamfuata huko huko, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko, amechangamka.

"Njoo uone uzuri! Njoo haraka!"

Aliinama kwenye hadubini kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa. Zilikuwa pale, chembe za duara, moja moja, hazikushikana, na ndani ya kila moja vitundu vyeupe vimejipanga ukingoni kama vya povu la sabuni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angezitambua.

"Mimi nilidhani utaniletea ile saratani ya kutia simanzi," mzee alisema nyuma yake. "Kumbe mkwe wako ameokota dodo chini ya mwarobaini! Mwambie amlete Jumatatu tuanze sindano. Kabla hajamaliza mwezi wa pili atakuwa anafukuza paka."

"Ameshalazwa."

"Nani?"

"Fimbo. Jana."

Mzee Hadubini alivua miwani. "Amelazwa na nani?"

"Na mimi."

Mzee alivifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja, na rangi haikutoka. "Ungeniambia tu," akasema mwisho, kwa sauti ya chini. "Rangi ningeichanganya siku ileile. Ni maji na unga, mwanangu, si kazi ya ajabu."

Jioni alimweleza mumewe, chumbani, mlango umefungwa. Alidhani atamkasirikia. Fundi wa friji alikaa ukingoni mwa kitanda akasugua magoti.

"Usimwambie mama," akasema.

"Nitamfichaje?"

"Kwa kunyamaza. Ukimwambia, mbwa atafufuka? Leo ameshinda akikusifu, anakuita mwanangu. Tangu nikuoe nilikuwa naomba nilisikie neno hilo. Usimwambie."

Wenye hekima husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Daktari alikuwa amechoka, na neno "mwanangu" alikuwa amelisubiri kuliko hata mumewe. Akanyamaza, na kunyamaza kukawa rahisi kuliko alivyotegemea, jambo lililomwogopesha.

Mama mkwe hakutoka tena nje. Alinunuliwa fimbo ya mti, nyepesi, yenye mpira chini, na ikakaa kwenye kona. Alishinda kwenye kochi, kamba ya mbwa imefungwa bado kwenye kifundo cha mkono, mwisho wake ukining'inia. Fundi Cherehani ndiye aliyevuka barabara kuja kumpa habari za mtaa, na kila aliyekuja alisimuliwa hadithi ileile. Mkwe wangu hakuninyima ukweli. Mkwe wangu alisema wazi, mama, hii ni saratani, tusimtese. Mbwa wenu wakitoka damu puani msingoje kama wajinga, mwoneni mkwe wangu. Daktari akiwa jikoni akiosha vyombo alisikia yote. Sahani mbili alizivunja mwezi ule.

Kisha alasiri moja wakaja kazini kwake wawili, wameshikana mikono, na dume jeusi mbele yao akivuta kamba. Fundi Cherehani alikuwa analia toka getini. Mama mkwe, aliyetoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alitembea ameinua kidevu kama mtu anayempeleka mwenzake kwa mganga aliyemjaribu mwenyewe.

"Daktari," alisema Fundi, "anatoka damu. Si puani, ni kule mbele, kwenye uume wake. Nilikuwa nasema labda ni kidonda, nikapaka dawa. Mama mkwe wako akanishauri nisijidanganye. Nimekubali. Mfanyie kama ulivyomfanyia Fimbo."

"Mweke mezani."

Safari hii alimpima kutoka ncha ya pua. Meno, macho, tezi, mapafu, tumbo. Aliinua mkia akaangalia, akakiingiza kipimajoto. Akasukuma nyuma ngozi ya uume, na nyama nyekundu yenye vinundu ikajitokeza, kubwa kuliko ile ya jike, inavuja. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni ya meza, uso ameuelekeza zinakotoka sauti.

"Ni ugonjwa uleule?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena uongo mtamu usio na mwathirika. Kidonda tu, mama, huyu ana kidonda, tutamchoma sindano chache. Fundi angekwenda nyumbani anacheka. Dume lingepona. Mumewe angelala usingizi. Na mama mkwe angeendelea kukaa kwenye kochi akiwahubiria watu kwamba pua ikitoka damu ni kwaheri, wakati majike wa mtaa mzima walikuwa wamepandwa na dume hili hili, na pua zao ziko njiani kutoka damu.

"Uleule, mama."

"Si nilikuambia?" mama alimgeukia jirani yake, akimpapasa bega. "Jikaze. Mlaze, mwanangu."

"Hapana, mama. Huyu hatalazwa. Atapona."

Fundi Cherehani aliacha kulia, mdomo wazi.

"Umesema ni uleule," mama mkwe akasema.

"Ni uleule. Unapona. Ni sindano ya kila wiki, wiki chache tu. Hata Fimbo angepona, mama." Alipoanza hakuweza kukoma. "Alikuwa nao chini ya mkia, ukampanda puani. Niliuona nikimfunga sanda. Na vioo vilipotiwa rangi kesho yake vikasema hivyohivyo. Nimekaa kimya tangu siku ile. Mbwa wako nilimuua bure."

Nje, mtu aliburuta ndoo sakafuni. Mama mkwe alimgeuzia Daktari uso.

"Ulisema una hakika."

"Nilisema."

"Na hukuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, mama. Ndilo baya lenyewe."

"Na chini ya mkia hukutazama. Wewe. Kazi yako."

"Sikutazama."

"Kwa nini?"

Daktari alitamani Fundi asiwepo. Lakini alikuwepo, ameshika kamba ya dume lake kwa mikono miwili, akitazama sakafu.

"Niliona haya, mama. Ulikuwa umekaa naye pale, na shuka lako juu yake. Lile neno lako la zamani, la mikia ya mbwa... mkono ulifika nikaurudisha. Sikutaka unione."

Mama mkwe alilipokea polepole. Uso wake ulikunjamana, ukakunjuka. Daktari alijiandaa kwa tusi, na lingekuja angelishukuru. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya mshangao mtupu, kana kwamba anauliza njia.

"Unione? Mimi kipofu, mwanangu. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Ungeuinua huo mkia, nani angekuona?"

Daktari alisimama mikono chini, glavu zimelowa damu ya dume, na machozi yakamtiririka hadi kwenye kidevu. Hakuna aliyeyafuta.

"Kichwa cha mbwa kiko upande gani?" mama mkwe alimuuliza Fundi, si Daktari. Fundi akamwongoza mkono. Mama akakishika kile kichwa kikubwa cheusi kwa viganja viwili, akakiinamia, akamnong'onezea dume maneno ambayo hayakusikika. Halafu akasema, "Haya. Mchome."

Dawa ililetwa kutoka kwenye friji. Daktari alinyoa manyoya ya mguu wa mbele, akafunga mpira, mshipa ukasimama mnene, mshipa ambao hata mwanafunzi asingeukosa. Dawa hiyo ina tabia yake. Ikiwa ndani ya mshipa inatibu, tone likimwagika nje linaunguza nyama hadi mfupa. Kwa hiyo anayechoma lazima mkono utulie. Aliishika sindano juu ya mguu wa dume akaona ncha inacheza. Akaiondoa, akavuta pumzi, akairudisha, na bado ilicheza. Fundi alikuwa akimtazama yeye, kisha sindano, kisha yeye. Mama mkwe, ambaye kwa kimya kile alijua kabisa kwamba mkono wa Daktari unakataa kutulia, aliendelea kukishika kichwa cha mbwa na hakumsaidia kwa neno hata moja.